Rula gani za kuanzia kuchora pateni? Jibu kwa dada wa Luanda

Swali: "Madam, habari ya kazi. Mimi niko Luanda, Vihiga, nimemaliza kozi ya ushonaji politekniki na nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, gredi 3. Mpaka sai nakata kwa macho ama kwa nguo ambayo kastoma ameleta ya sampuli, lakini nataka nianze kuchora pateni zangu mwenyewe. Nimeweka pesa kidogo ya vifaa. Kuna seti ya rula za plastiki, vipande vingi, naiona onlaini. Fundi mwenzangu ananiambia ninunue yote, mwingine anasema tepu na chaki zinatosha. Ninunue nini kwanza? Na kwapa la blauzi zangu linavuta hapa mbele, sijui ni rula nakosa ama ni nini. Pia nichore kwa inchi ama kwa sentimita?"

Jibu:

Dadangu, kazi ni salama, na hongera kwa hiyo gredi. Hiyo seti wachana nayo kwanza. Si eti zote ni mbaya, lakini ukiifungua utapata vipande vingi ambavyo hutajua ni vya kuchora nini, viwili vitatu ndo utakuwa unashika kila siku, na hakuna mtu amekuhakikishia kama namba zilizochapishwa hapo ni za ukweli. Pateni, yaani ile karatasi ya umbo la nguo unayofuata ukikata kitambaa, inataka vitu vitatu vya kuaminika: kipimo kimoja, kona moja iliyonyooka, na rula moja ya mviringo unayoielewa. Hivo vitatu vikikubaliana unachora kila kitu mpaka suti ya harusi. Visipokubaliana, hata ukiwa na rula za kujaza meza utashona na kufumua, na kastoma hakulipi masaa ya kufumua.

Wacha nianze na tepu manake ndo kitu hudharauliwa sana. Mtu anachukua yoyote pale dukani, anaivaa shingoni, kazi inaanza. Sasa fikiria blauzi ya mtu wa kifua 38, umeongeza 2 za kupumua ikawa 40, robo yake 10. Kama tepu yako na rula yako zinatofautiana nukta moja tu, yaani moja ya nane ya inchi, kwa kila robo, ukizunguka robo zote nne tayari ni nusu inchi. Kwa kitambaa cha kuvutika hiyo haionekani. Kwa kitenge, ambacho hakivutiki hata ukilia, nusu inchi ndo inafanya zipu ifunge ama ikatae.

Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote, ingia duka la vitabu ununue rula ya chuma ya sentimita 30 yenye inchi upande wa pili. Hiyo ndo itakuwa hakimu wa vifaa vyako vyote. Nayo iangalie kwanza: inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ilikubaliwa hivo tangu 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Afrika Kusini na wengine, haina ya Kisumu na ya China. Inchi 12 basi ni sentimita 30.48, kwa hivyo alama ya inchi 12 inafaa kupita ile ya sentimita 30 kwa karibu nusu sentimita. Kama zote mbili zinaishia mahali pamoja kabisa, mwenye kuichapisha alikuwa anapamba tu, iwache hapo hapo dukani.

Ukiwa na hiyo rula ndo unaenda kununua tepu, na uende nayo kwa mkoba, usione haya. Lalisha tepu juu ya chuma, linganisha 0 mpaka 12, alafu 12 mpaka 24, alafu 24 mpaka 36, manake tepu ikianza kulegea hailegei sawasawa, inalegea pale inavutwa sana. Alafu shika alama ya 0 kwa kidole kimoja na ya 10 kwa kingine, zote juu ya rula, uvute kidogo vile ungevuta ukimpima mtu. Ile ya plastiki laini utaona namba 10 inatembea kupita mahali pake, na hiyo usibebe. Ile yenye nyuzi za faiba ndani inakaa tu. Angalia pia ile chuma ndogo ya mwisho, kuna tepu zingine inchi ya kwanza pamoja na hicho chuma ni fupi ama ndefu kuliko zile zingine. Na tepu ile ile umempimia kastoma ndo uchoree pateni yake. Ukipima na moja na uchore na nyingine, hapo umeshaanza ugomvi ambao hutaujua mpaka mtu aje kujaribu nguo.

Nikitoka kwa tepu naingia kwa kona, na hapa sitaki uharakishe. Ile skwea ya mafundi ya umbo la L, mkono mrefu karibu inchi 24 na mfupi 14, ni kifaa kizuri sana, na zingine zimechapishwa mizani ya nusu, robo na theluthi, kwa hivyo ukitafuta robo ya 38 unaenda tu kwa 38 ya mizani ya robo na unakuwa umefika 9½ bila kupiga hesabu. Ukiipata ya alumini na pesa inaruhusu, chukua. Kitu moja tu, alumini huacha alama ya kijivu kwa kitambaa cheupe, kwa hivyo shati za shule na gauni za harusi usiburute skwea juu yake, chora kwa karatasi. Kama pesa hairuhusu, skwea ya seremala ya chuma kutoka hadiwea inafanya kazi ile ile, ni nzito kidogo na inashika kutu, lakini ukiipanguza na kitambaa chenye mafuta kidogo na kuikausha vizuri kabla ya kuiweka kwa karatasi haina neno. Hata seremala wa hapo Luanda ama wa soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kukutengenezea ya mbao, lakini mbao inacheza na unyevu, na sisi tuko karibu na ziwa, itabidi unaipima kila baada ya muda.

Iwe ya pesa nyingi ama ya mbao, isiingie kazini kabla haijapita mtihani huu. Chora mstari mrefu ulionyooka kwa karatasi. Weka alama katikati. Simamisha skwea kwa hiyo alama, mkono mmoja umelala kwa mstari, uchore mstari wa kwenda juu inchi 12. Sasa igeuze skwea, upande wa juu uangalie chini, iwe inaangalia upande ule mwingine, iweke kwa alama ile ile na uchore tena kwenda juu. Kama kona ni sawa, mistari miwili inalaliana inakuwa mmoja. Kama inaachana kule juu, hiyo nafasi unayoiona ni kosa mara mbili, yaani ikiwa ni robo inchi basi skwea yako imepinda nukta moja kwa kila inchi 12. Kwa sketi ndefu ya inchi 36 hiyo inakuwa nukta tatu.

Kosa lenyewe utalikuta pale kitambaa kimekunjwa. Unajua tunachora nusu ya mbele, tunaweka mstari wa katikati kwa mkunjo, tunakata. Kama shingo ama pindo halijagongana na huo mstari kwa kona kamili, ukifungua kitambaa hapo katikati panatokea ncha, ama inachungulia chini kama mdomo wa ndege ama inazama ndani. Umeshaona hiyo kwa sketi za watu wakitembea barabarani. Wengi wanadhani ni upindaji mbaya, wanafumua pindo wanapinda tena, na bado iko, manake haikuanza kwa cherehani, ilianza kwa skwea.

Sasa kuhusu kwapa lako. Kwanza angalia blauzi ikiwa mwilini, usiiangalie mezani. Kama pale mbele karibu na kwapa kuna kitambaa kimejikusanya, kinakunjana na kinamuuma mtu akileta mkono mbele, basi kwapa la mbele halijachimbwa vya kutosha, na nina hakika kubwa umekuwa ukikata mbele na nyuma kwa umbo moja, manake ukikata kwa macho ndo hutokea. Kama badala yake kuna mistari imevutika ikitoka kwapa moja kwenda lingine juu ya kifua, hapo upana wa kifua mbele ndo mdogo, ama kifua chenyewe hakijapewa nafasi. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa yake si moja, usichimbe kwapa kama shida ni ya pili, utamalizia blauzi.

Rula ya mviringo yenyewe haijui mwili wa mtu, na hapo ndo watu wanadanganyika na hizo seti. Unapata mtu ameweka rula kwa karatasi, inapendeza, anafuata vile imepinda, anamaliza. Kumbe inafaa uweke vituo kwanza, rula ije kuviunganisha tu. Kwa mbele weka kituo cha ncha ya bega, kituo cha upana wa kifua mbele, ambao unaupima kutoka mahali mkono unaanza mpaka mahali mkono wa pili unaanza, na unagawa kwa mbili, alafu kituo cha chini ya kwapa kwa mshono wa ubavu. Kwa nyuma fanya hivo hivo ukitumia upana wa mgongo. Watu wengi mgongo ni mpana kuliko kifua hapo juu manake mikono yetu inaenda mbele, haiendi nyuma, na ndo maana kwapa la mbele huchimbwa zaidi, mara nyingi karibu nusu inchi kuliko la nyuma. Sasa chukua rula, ile sehemu iliyopinda sana ikae chini karibu na ubavu, na ile iliyonyooka ipande kuelekea bega. Izungushe, isogeze, mpaka iguse vituo vyote. Isipogusa vyote kwa mara moja usilazimishe, chora kipande cha chini, sogeza rula, chora cha juu, mradi pale vinapokutana pasiwe na kona.

Ukimaliza, kabla hujakata, weka karatasi ya mbele na ya nyuma bega kwa bega vile zitashonwa, uangalie kwapa linapita vizuri bila kilima wala bonde. Fanya hivo tena kwa ubavu. Alafu simamisha tepu kwa ubavu wake, si kuilaza, uitembeze juu ya mstari wa kwapa lote, mbele na nyuma, uandike. Kichwa cha mkono, ule mviringo wa juu wa mkono wa nguo unaoshonwa kwa kwapa, kikuwe kikubwa kuliko hiyo namba kidogo tu, kati ya nusu inchi na inchi moja na nusu kulingana na kitambaa. Kitenge na pamba iliyofumwa kwa karibu kaa kwa kiasi kidogo, manake hazikubali kukusanywa, utapata mikunjo begani na hiyo si mtindo.

Rula gani basi? Moja tu ya kuanzia, ile yenye mviringo mkali upande mmoja wa kwapa na shingo, na upande mwingine unaenda polepole, ya plastiki inayoonekana ndani. Ile ndefu ya hipsi inafuata baadaye ukianza sketi za kubana, suruali na kola za koti. Hiyo ya hipsi inachora kutoka kiuno mpaka hipsi, na pale hipsi mstari unafaa kuyeyuka uingie kwa ule ulionyooka bila kuonekana umebadilika. Ikibaki kona hapo, ukishona inatokea kama mfupa umetokeza ubavuni mwa mtu ambaye hana hata huo mfupa.

Na ukikosa hata hiyo moja, nenda mitumba. Nasema hivi nikimaanisha kabisa. Tafuta shati ama blauzi iliyochakaa lakini ilishonwa vizuri, ivae, ukiona kwapa linakaa vile unapenda, fumua mkono, nyoosha kwa pasi bila kuvuta, ilaze kwa manila na upitishe penseli. Kata. Hapo unapata umbo la mbele na la nyuma ambalo lilichorwa na mtu aliyejua kazi, na litakufundisha kitu seti haifundishi, yaani utaona kwa macho yako vile mbele na nyuma hazifanani. Kuna pia rula ya kupindwa na mkono, ndani ina chuma laini, inasaidia kunakili mviringo kutoka kwa nguo, lakini ukiiachilia inarudi kidogo, kwa hivyo ipeleke kwa karatasi haraka na uhakikishe na tepu.

Rula ya kunyoosha ninayopenda ni ile ya plastiki nyembamba, upana inchi 2 na urefu 18, yenye miraba ya nukta ndani. Unaweka mstari wa rula juu ya mstari wa pateni na unaongeza alawansi ya mshono nusu inchi ama inchi nzima bila kupima pima. Inapindika pia, unaitembeza kwa kwapa. Ikikosekana, rula ya mwanafunzi ya kuonekana ndani inatosha kwa vitu vidogo. Kuwa makini tu na rula ambazo 0 haianzi ukingoni, kuna nafasi tupu kabla yake. Na rula ya mbao ya mita, ile ya shuleni, ncha zake huisha kwa kugongwa, kwa hivyo anza kupimia kwa inchi 1 na utoe hiyo 1 mwishoni. Usisahau kuitoa.

Vingine sitakaa navyo sana. Karatasi ya kaki kwa pateni za kila siku, manila kwa zile bloku, yaani pateni za msingi, utarudia mwaka mzima kama unifomu za shule. Gazeti linafaa kwa kujifunza tu, wino wake unahamia kwa kitambaa cheupe. Karatasi iliyokunjwa ipige pasi isiyo moto sana bila maji kabla ya kuchora, mikunjo inakula kipimo. Penseli iwe na ncha kali, manake mstari mnene wa penseli butu una ndani na nje na hutajua ulikata upande gani. Chaki pia inolewe. Kigurudumu chenye meno ni cha kuhamisha mistari karatasi kwa karatasi, weka boksi la karatasi chini ndo meza isichomwe, na usikipitishe kwa satini. Tundu la kuonyesha dati, ule mkunjo wa kushonwa unaobana nguo ifuate mwili, liwe nusu inchi kabla ya ncha ya dati yenyewe, hapo mshono utalifunika. Na mkasi wa karatasi uwe wake, wa kitambaa wake, karatasi inaua makali haraka. Funga kitambaa chekundu kwa ule wa kitambaa kama una watoto nyumbani wanaofanya homuwaki.

Plastiki usiache kwa dirisha la jua wala kwenye gari. Jua letu la huku, hasa ukishuka Kisumu, linapinda rula taratibu, na hutagundua mpaka mstari wako ulionyooka umekuwa na tumbo. Itundike kwa msumari ukutani kivulini, ile tundu ya mwisho iliwekwa kwa sababu hiyo.

Inchi ama sentimita? Mafundi wengi hapa wanazungumza inchi, kastoma wenyewe wanakuambia mimi ni kiuno 32, mafunzo mengi ya video kutoka Nigeria na India ni inchi, kwa hivyo shika inchi. Ukikutana na kitabu cha sentimita, usibadilishe kila namba ukiwa katikati ya kuchora, chora pateni yote kwa sentimita kwa upande huo wa tepu mpaka mwisho. Kuchanganya ndo hatari, manake robo ya nambari ya sentimita ukiipimia kwa inchi unapata gauni la watu wawili. Mahali pekee utalazimika kubadilisha ni kitambaa, manake kingi kinauzwa kwa mita na kitenge kwa yadi. Mita moja ni inchi 39 na nukta tatu, yadi moja ni 36, kwa hivyo kitenge cha yadi 6 ni inchi 216. Panga vipande vyako vya pateni kwa meza ukifuata upana wa hicho kitambaa, upime urefu wote vimekula, na uandike hiyo namba juu ya karatasi ya mbele kabla hujashika mkasi.